Mwidiwe, Dubu

Brampton, Kanada, mwezi Juni

Bibi, shikamoo. Baba Mdogo wa Kibondo, shikamoo. Na wote mliokusanyika hapo Murubona, Kasulu, wakubwa shikamooni, wadogo nawaitikia kabisa hata kama hamjaamkia: marahaba.

Msomaji wa barua hii najua ni wewe, mdogo wangu, kwa sababu simu yenye kioo kizima hapo nyumbani ni ya kwako tu. Soma taratibu. Ukifika penye habari ya chumvi, hakikisha Bibi ameketi.

Ninaandika kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia una plasta mbili. Msianze kuchangishana, sijapata ajali wala sijapigwa na mtu. Nimeumizwa na pipa la taka. Nilipigana nalo Jumanne iliyopita kwa dakika 10 nzima, katikati ya pori, na likanishinda. Aliyekuja kulifungua ni mtoto wa miaka kama 6, kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa na aiskrimu.

Nirudi nyuma kidogo.

Kazi yangu mnaijua: ghala, maboksi, usiku. Babu alikwenda Tanga kukata mkonge akaitwa manamba. Mimi nimekwenda mbali zaidi, nikapewa namba ya kuning'iniza shingoni. Tofauti yetu ni kwamba Babu alirudi na baiskeli. Sasa, pale ghalani yupo mama mmoja wa Kifilipino. Siku aliyosikia natoka Tanzania akaacha boksi lake, akaniuliza kama nimewahi kuona simba. Bibi, ulinifundisha kusema kweli, lakini hukunifundisha kuisema saa 9 usiku mbele ya watu 6 waliokodoa macho. Nikamwambia simba kwetu ni kitu cha kawaida. Kweli yenyewe mnaijua: simba pekee niliyewahi kumwona kwa karibu ni yule wa kwenye jezi, na kwa vile Baba Mdogo ni Yanga, hata huyo hakuruhusiwa kuvuka kizingiti.

Uongo ni kama kuku wa kienyeji, hutaga usipojua. Wiki ya pili mzee mmoja wa Kizungu anayekaribia kustaafu akaniuliza mkoa. Nikasema Kigoma. Akanishika bega: Gombe! Jane Goodall! Akanisimulia yeye sasa, jinsi marehemu alivyofika kwenye sokwe wetu Julai 1960, na jinsi pori lile lilivyokuja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mimi natikisa kichwa tu, kama vile huyo Goodall ndiye aliyenibeba mgongoni. Nikiri hapa mbele yenu: kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni kilomita 90 na kitu, boti za kwenda Gombe ziko palepale ziwani, na kwa miaka 29 sikukanyaga. Watu wanavuka bahari kumtazama sokwe wa Gombe. Mimi nilikuwa nafika Kigoma, nanunua migebuka, narudi na basi la saa 8.

Na wewe Baba Mdogo usicheke sana. Pori la Moyowosi liko mlangoni kwako. Maji yale ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Humo yupo korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo kama kiatu cha mgambo, ambaye watu wanamtafuta kwa darubini wakiwa wamezama matopeni hadi kiunoni. Wewe unachokijua cha Moyowosi ni mbung'o na asali.

Mnyama wangu mimi ni ngedere. Bibi anakumbuka. Nilikuwa darasa la 3, nimepandishwa kwenye dungu na debe bovu na fimbo, nilinde mahindi. Nikasinzia. Nilipoamka upande wote wa mtoni ulikuwa mabua matupu, na ngedere mmoja wa mwisho, mama mwenye mtoto tumboni, ananitazama huku anamenya hindi polepole kama mtu aliye kwao. Fimbo ya debe ilimalizikia mgongoni mwangu. Enzi hizo nilikuwa nalipwa sahani ya ugali ili wanyama wasionekane. Sasa nimelipa mimi, dola 20 na ushei kwa gari moja kwa siku moja, waonekane.

Maana ndivyo nilivyoamua: badala ya kuendelea kudanganya juu ya simba, nikapige picha mnyama wa kweli wa hukuhuku, nao waone kwamba mtoto wa Kigoma na pori ni ndugu. Huku kaskazini wanaye mnyama anaitwa muusi, angalau ndivyo jina lake linavyotamkwa. Mfikirieni pofu aliyeazima pua ya ngamia na miguu ya twiga mchanga. Dume huweza kupita kilo 450, na pembe zake pana kama ungo hudondoka zenyewe kila mwaka na kuota upya. Nikaambiwa nenda Algonquin. Ni hifadhi ya tangu mwaka 1893, kilomita za mraba 7,600 hivi, zaidi ya hifadhi yetu ya Mahale mara nne, nayo inakatwa na barabara moja ya lami, namba 60, kwa kilomita 56. Nikaondoka alfajiri, peke yangu, na ugali wa muhogo na dagaa wa Kigoma kwenye kopo, mawese juu yake. Unga nimeununua kwa Wakongo. Dagaa ni wale mlionitumia.

Saa 3 na ushei baadaye nikapita geti, mtandao ukakata, na yule dada wa ramani kwenye simu akanyamaza katikati ya sentensi. Msitu kulia, msitu kushoto. Ndugu zangu, mwili una kumbukumbu zake. Mimi nimekulia enzi za mabasi ya Kibondo kusindikizwa na askari wenye bunduki. Kwangu msitu mnene wenye barabara tupu hautafutwi wanyama, unatafutwa watu. Nikapunguza mwendo. Mbele kidogo, kwenye ukingo wa ziwa, kitu kirefu chekundu kikatoka vichakani, kikavuka barabara. Kilikuwa mtumbwi. Una miguu miwili, umevaa kaptula. Nilishafikia gia ya kurudi nyuma ndipo nikaona kuna mtu chini yake, kaufunika kichwani kama mwamvuli, anatoka nao ziwa hili kwenda ziwa lile. Niliwahi kuona mitumbwi mingi Kigoma imebeba watu. Hii ni mara ya kwanza kuona zamu ya mtu.

Pale niliposimama, kilomita ya 15, inaanzia njia ya miguu inayozunguka vidimbwi na maziwa madogo, kilomita 10 na zaidi, inasifiwa kwa wanyama. Nikafungua mlango. Nikafunga mlango. Usubi! Msifikiri nazungumzia mmoja mmoja. Ni wingu. Ni wadogo kama punje za ulezi, weusi, wanapita nyuma ya sikio, kwenye pindo la soksi, ndani ya pua, na wanapenda nguo nyeusi na za bluu iliyoiva, ambayo ndiyo rangi ya suruali na shati nililovaa kwa heshima ya safari. Nilikuwa nimeonywa nikanunua kofia yenye chandarua. Vile vyandarua vya serikali, Bibi, ulivyozungushia mchicha kuzuia kuku, sasa mjukuu wako amekivaa kimoja kichwani na amekilipia.

Penye mwanzo wa njia kuna ubao wa habari za dubu. Dubu weusi wapo, na ubao una masharti yake. Usimpe chakula. Usiache chakula. Ukimwona usikimbie, rudi kinyumenyume taratibu. Na uwapo njiani, hasa kama uko peke yako, fanya kelele ajue unakuja, asishtuke: zungumza, imba, piga makofi. Nikausoma mara mbili. Kwetu mtu anayetembea porini peke yake, anaongea na kupiga makofi, anatafutiwa maombi. Huku ni agizo la usalama.

Nikajaribu kuongea, nikakosa la kusema. Nikajaribu kuimba, nikagundua nyimbo nizijuazo zote hadi mwisho ni Wimbo wa Taifa na mmoja wa kwaya ya msiba. Nikabaki na makofi. Na hapo, baada ya kona mbili za kupiga makofi makavu kama mwenye kuita kuku, mikono ikakumbuka yenyewe. Ikashuka chini, kifuani. Ikawa inapiga polepole. Nikainama kidogo. “Mwakeye,” nikawaambia miti.

Mnaona? Sisi Waha tumezaliwa na ujuzi huu, tumekaa nao tu. Kila kona nainama, napiga makofi, naamkia. Ilipofika saa 6 nikabadili, nikaanza “Mwidiwe,” maana huwezi kujua, pengine dubu ni mzee wa heshima na hapendi asalimiwe ya asubuhi wakati wa mchana. Tatizo likawa hakuna anayeitikia. Mnajua kusalimu mtu akakaa kimya maana yake nini kwetu. Kwa kilomita 4 nilitukanwa na msitu mzima.

Wanyama? Kobe wawili juu ya gogo. Bata mmoja mwenye sauti ya mtu aliyefiwa. Bwawa la biva, yule buku mkubwa wa maji anayekata miti kwa meno na kuziba mto mpaka uwe ziwa, kazi ya usiku kama yangu ila yeye hana msimamizi. Na mavi ya muusi. Haya niliyaona mengi sana: vidonge vya mviringo, vikavu, saizi ya chikichi. Nimepiga picha 14 za mavi. Baba Mdogo, nakusikia ukicheka hadi huku.

Kwenye kona moja nainama, napiga makofi, “Mwidiwe!” Wakatokea wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, na fimbo zao za kutembelea. Tukatazamana. Mimi nimeinama, uso umo ndani ya chandarua. Bibi yule akauliza kwa upole kama niko salama. Nikaeleza: ni salamu ya kwetu, nawasalimia dubu. Mzee akauliza inafanya kazi? Nikajibu kweli tupu, kweli ya kwanza tangu nianze kazi ghalani: tangu nizaliwe sijawahi kushambuliwa na dubu.

Wakaomba niwafundishe. Nikawafundisha palepale, usubi wakitushangilia. Mikono chini. Magoti yalegee kidogo. Usiwahi, hii si kumpigia Rais makofi, hii unamuuliza mtu ameshindaje. Neno lenyewe lilimshinda mzee. Lilimtoka “midiwe”, na nikaliacha hivyohivyo, sikutaka kumchosha. Tukaagana, wakaenda nilikotoka mimi, nikaenda walikotoka wao.

Kama saa nzima baadaye nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, ng'ambo ya kidimbwi, nimenyamaza, nafikiria mafuta ya gari. Ndipo nikasikia upande wa pili, nyuma ya misonobari, makofi. Polepole. Halafu sauti ya kizee, kwa mbali: “Midiweee!” Halafu ya mkewe. Halafu, naapa, na za wengine ambao sikuwafundisha mimi. Inaelekea walikutana nao njiani wakawapa na wao.

Nikasimama. Mtu wa mwisho kunisalimu Kiha uso kwa uso ni yule utingo wa stendi ya Kasulu, miaka 3 iliyopita, naye alikuwa ananiharakisha nipakie begi. Nikainua chandarua nikaitikia kwa sauti yangu yote, kama naitikia mtu wa shamba la tatu. Usubi wanne wakaingia mdomoni. Nilikaa pale nikitema mate kwa muda mrefu kuliko walivyostahili usubi wanne.

Sasa tufike kwenye pipa.

Nilirudi kwenye gari saa 10 jioni, nikajifungia, nikala dagaa na ugali, vioo vyote juu. Harufu ya dagaa wetu mnaijua: ukifungua gunia sokoni Kasulu, Kibondo wanaanza kuchota unga. Nikashindwa kumaliza. Ubao umesema usiache chakula, na hata ndani ya gari si pema, kwa kuwa wapo dubu wanaojua kufungua milango. Kwa hiyo nikashuka na kimfuko changu cha dagaa na mawese, nikaliendea pipa.

Ni sanduku la chuma la rangi ya kahawia, limefungwa kwenye zege, linanifika kifuani. Halina mkono. Halina komeo. Halina tundu. Mbele lina mdomo wa bati nene uliopinda kuelekea chini, basi. Nikavuta mdomo: kimya. Nikasukuma: kimya. Nikazunguka nyuma, labda mlango uko uani kama nyumba ya mwalimu mkuu. Hakuna. Ubavuni kuna mchoro: kiganja cha mtu kinaingia chini ya mdomo, mshale mmoja unakwenda juu, mwingine unakuja kwako. Nikaingiza kiganja, nikagusa kitu cha chuma ndani, nikakibonyeza, nikakiachia, nikavuta. Kimya. Nikavuta kwanza, ndipo nikabonyeza. Kimya. Kumbe siri ni kufanya yote mawili kwa pamoja, kama klachi na gia, jambo ambalo mshale hauwezi kusema.

Na fikirini niko katika hali gani. Nimesimama uwanjani, jioni, katika nchi ya mnyama mwenye pua ya ajabu, nimeshika kitu kinachonuka kuliko vyote katika jimbo la Ontario, na mahali pekee pa halali pa kukitupa panakataa kunifungulia. Nikaanza kulipiga teke. Nikaanza kulisemesha. Nafikiri nililisalimia pia.

Aliyelitengeneza, nimekuja kuelewa baadaye, alikaa akampima dubu: nguvu anazo, subira anayo, kucha anazo. Vidole vyembamba vya kupita chini ya bati hana. Pipa lile ni mtihani wa kuwatenga watu na dubu, kama ule wa darasa la 7, na mimi nilikuwa nasubiri tu kupangiwa shule ya dubu. Mara kifuniko kikafyatuka nusu, nikashangilia, kikarudi juu ya vidole vyangu. Ndipo akaja yule mtoto na aiskrimu yake. Kiganja ndani, klik, kifuniko juu. Akanishikia niweke. Akanusa mfuko, akanitazama kwa huruma, akasema pole kwa lugha yao. Babake alikuwa anapiga picha. Kwa hiyo kuna familia ilikwenda Algonquin kutafuta viumbe vya porini na ikakipata kimoja.

Bibi ameketi?

Huku wakati wa baridi barabara huganda barafu, magari yakateleza kama sabuni sakafuni. Dawa yake ni chumvi. Serikali inaimwaga barabarani. Kwa malori, Bibi. Malori yanapita usiku yanatapanya chumvi juu ya lami kama mtu anayelisha kuku. Wewe uliyenifundisha kuichota kwa ncha za vidole 3, na ukanihadithia jinsi wazee walivyokwenda kwa miguu hadi Uvinza wakati wa kiangazi, wakachemsha maji ya chumvi, wakarudi na mizigo kichwani, mzigo unaobadilishwa kwa jembe au mbuzi. Nilipoiona mara ya kwanza barabarani niliinama nikaionja. Ni chumvi.

Kumbe muusi naye anajua. Baridi nzima amekula vijiti na magome, mwilini chumvi imemwishia. Theluji ikiyeyuka, ile ya barabarani yote inateremkia mitaroni, naye anatoka msituni aliko mfalme, anakuja kunywa maji ya mtaro.

Ndivyo nilivyomwona. Saa 2 usiku, na jua bado lipo, hilo mtaniambia naongopa lakini huku mwezi huu linazama saa 3. Magari 5 yamesimama kando ya barabara, taa zinawaka na kuzima. Mguu wangu ukataka kukanyaga mafuta, maana kwetu magari 5 msituni ni pancha au ni janga. Nikasimama. Alikuwa jike, hana pembe, amesimama mtaroni maji yakimfika magotini, hatua kama 30 kutoka kwangu. Hakuwa mzuri. Manyoya ya baridi yanamnyonyoka mabegani kwa mafungu, kama godoro la bweni. Usubi wamemzunguka na yeye pia. Ngozi inamcheza, sikio moja linapepea huku, lingine kule, kila moja na shughuli zake. Anakunywa kwa sauti, kama mtu aliyekaribishwa uji wa moto. Akiinua kichwa, maji yanamtiririka puani, anatazama yale magari bila kuyahesabu, anarudi kwenye chumvi yake.

Nikazima injini. Nikashusha kioo kidogo. Nikapiga makofi mawili, ya chinichini, nikamwambia. Sikio moja likageuka upande wangu, likakaa. Mama wa gari la mbele akanikata jicho.

Picha nimewatumia. Hicho cheusi ndicho muusi, ukungu mweupe ni chandarua nilichosahau kuvua. Ghalani nimeionyesha, yule mama wa Kifilipino ameitazama sana, kisha akauliza kama simba wetu wanafika ukubwa huo. Nimemwambia ni wadogo kidogo.

Yule kijana wa jirani anayekuja kusoma Septemba, mpeni dagaa, migebuka mikavu miwili, na chumvi ya Uvinza kilo 1, ile ya chengachenga. Wakimuuliza uwanja wa ndege, aseme ni ya mboga.

Ni mimi, mjukuu wenu